Baiskeli, Vumbi na Kichocho

Wengi wetu hupanda baiskeli katika barabara za changarawe za Butiama, Bunda na Musoma vijijini. Ni zoezi zuri kwa moyo. Hatari iko mwisho wa safari, tufikapo Ziwa Victoria tumejaa vumbi, tukaingia majini kuosha miguu na baiskeli. Penye majani na konokono, vijidudu vya kichocho cha tumbo hupenya ngozi hata isiyo na jeraha, na baada ya miaka ini huharibika. Tuchukue dumu la maji ya kisima kutoka nyumbani; baiskeli, hata ikikaa na vumbi lake, haiugui. Aliyekwisha kuingia ziwani apimwe choo baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake ni prazikwanteli.