Siku Ngapi Bila Soko? Kupima Uwezo wa Kilifi Kujitegemea

Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika, hasa Ganze na Magarini. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, na waliolima kando ya mto Sabaki wakaona mashamba yao yakifunikwa na maji. Tangu hapo wakazi wengi wamekuwa wakiuliza swali moja: je, familia inaweza kuishi hapa kwa kutegemea boma lake yenyewe, hata barabara ikikatika na bei ya unga ikipanda?

Kwa kaunti nzima swali hili halina jibu moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi ndani kabisa ya Magarini, na anayewapima wote kwa kipimo kimoja anajumlisha minazi na mbuzi. Kinachofaa kuulizwa ni kila eneo lina upungufu gani, kisha kila boma litadumu siku ngapi.

Kila eneo na upungufu wake

Ukanda wa pwani hupata mvua ya takriban milimita 900 hadi 1,100 kwa mwaka. Muhogo, nazi, maembe na korosho hustawi, na bahari ina samaki. Upungufu wake ni ardhi. Mashamba yamegawanywa vipande vidogo, na familia nyingi zinaishi mahali zisipo na hati miliki. Jambo hili hutajwa kwa nadra kwenye mafunzo ya kujiandaa na majanga, ilhali ndilo huamua mengi. Mnazi wa kawaida huchukua miaka sita hivi kabla ya kuzaa vizuri. Asiyejua kama atakuwa hapo miaka sita ijayo hapandi mnazi wala hajengi tangi la saruji; hupanda mahindi, huvuna, na kungoja. Kwa familia kama hiyo, maandalizi huanzia kwenye ofisi ya ardhi kabla ya jembe.

Ganze, Bamba na bara ya Magarini hali ni kinyume: ardhi ipo, malisho yapo mvua ikinyesha, lakini maji ni ya kufuatwa mbali, na silanga nyingi hukauka kabla ya msimu mwingine kuanza. Kandokando ya Sabaki kuna udongo mzuri na maji karibu, ila nyumba na ghala havifai kujengwa bondeni hata mwaka mkavu ukiwa umemsahaulisha mtu mafuriko.

Hesabu ya maji

Hesabu ya maji ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 6 kwa 8 ina mita 48 za mraba. Msimu ukileta milimita 250 tu, paa hilo hupokea lita 12,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kukauka, hubaki lita 9,600. Tangi la lita 5,000 hujaa na mengine kumwagika.

Je, tangi hilo litadumu siku ngapi? Familia ya watu sita ikitumia lita 15 kwa kila mtu, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20 kwa siku, maji yatakwisha baada ya siku 55. Familia hiyo hiyo ikiweka tangi kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu, na kufulia maji ya silanga, itafika siku 166. Tangi ni lile lile; tofauti ni zaidi ya miezi mitatu. Paa la makuti halifai kwa hesabu hii, kwani maji yake hutoka na uchafu mwingi.

Hesabu ya chakula

Hapa ndipo familia nyingi huanguka, tena mwaka wa mavuno mazuri. Watu sita wakila kilo mbili za unga kwa siku, gunia la kilo 90 huisha kwa siku 45. Kutoka mavuno ya Agosti hadi Agosti nyingine yanahitajika magunia manane. Tuseme boma limevuna matano. Mawili yanauzwa papo hapo kwa sababu kuna madeni na wanunuzi wako mlangoni. Yaliyobaki matatu yanafika katikati ya Desemba. Vuli ikikosekana, mzazi anaingia Januari akitafuta karo na unga kwa wakati mmoja, na ananunua kwa kilo, bei ikiwa juu, mahindi ya aina ile ile aliyouza kwa gunia bei ikiwa chini. Kama lazima kitu kiuzwe, heri mbuzi wawili waliopita umri wa kuzaa, wauzwe wakiwa wanene kabla ukame haujawakondesha na soko kujaa mbuzi wa kila mtu.

Mahindi yanayobaki lazima yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu huleta aflatoksini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Kipimo cha nyumbani kipo: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi kiasi na chumvi kavu, kisha itikiswe kwa dakika chache na kuachwa itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani. Ikianguka chini, yanaweza kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi na dumuzi hufa bila dawa.

Muhogo hauhitaji mfuko. Uliokomaa hukaa ardhini miezi mingi na kung'olewa siku ya haja, ndiyo maana robo ekari yake ni ghala. Sharti ni mbegu safi. Kibandameno hupendwa kwa utamu, lakini hushikwa haraka na batobato na michirizi ya kahawia, na ugonjwa huu wa pili huozesha mizizi huku majani yakionekana mazima. Mkulima anayetaka kuuacha ardhini muda mrefu afadhali apande Tajirika au Shibe, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, na kubakisha Kibandameno kidogo kwa mlo wa karibu.

Hesabu hizi mbili, siku za maji na siku za chakula, zinaweza kufanywa kwenye baraza la kijiji kwa jioni moja, kila boma likitaja namba zake. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti uwasilishwe bungeni kufikia Septemba 1. Kijiji kinachofika kwenye kikao cha ushiriki wa umma mapema, kikionyesha kwamba maboma yake mengi hayana maji ya kupita siku 20, kina hoja ya silanga au tangi la shule ambayo ni vigumu kuiweka kando.