Gari la namba A na deni la miaka mitatu

SWALI

Mimi ni mwalimu, mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Tunaishi Kihonda, Morogoro, na watoto watatu. Tuna Toyota Caldina ya mwaka 1998, injini ya 3S, tuliyoinunua mwaka 2008 ilipotoka Japani. Imebeba watoto, magunia ya mahindi, magodoro, mpaka jeneza la baba mkwe.

Mwaka huu imetutesa. Gereji wamekula shilingi milioni 2.9: rejeta, alternata, mauntingi za injini, shokapu za nyuma. Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda Iringa kwa mama, ikachemsha kwenye mlima wa Kitonga saa mbili usiku. Tulikaa pembeni na watoto mpaka dereva wa lori alipotupa maji. Tangu siku hiyo mume wangu hataki hata kuiona. Shemeji ametutafutia Fielder ya 2013 kwa milioni 24. Tukiuza Caldina kwa milioni 4, benki itatukopesha milioni 20, tutarejesha laki saba kila mwezi kwa miaka mitatu. Mume wangu anasema tunachekwa kwa namba ya usajili ya A wakati majirani wana namba E. Mimi naogopa deni, lakini na Kitonga naiogopa. Tufanyeje?

Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU

Poleni, mwanangu, kwa usiku ule.

Jibu langu ni kwamba msikope sasa. Lakini pia msiendelee na Caldina kwa mtindo wa mwaka huu, maana kwa maelezo yako mmekuwa mkingoja kitu kife ndipo mkibadilishe. Gari la umri huo likiendeshwa hivyo litawaaibisha barabarani hata kama injini yake bado nzima. Kabla ya kulihukumu, lipeni nafasi moja ya kutunzwa kweli.

Tuanze na fedha. Najua kinachosemwa nyumbani: milioni 2.9 kwa gari la milioni 4 ni wazimu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Bei ya kuuzia gari haiwahusu mpaka siku mtakapoliuza. Gharama ya gereji ilinganisheni na gharama ya hilo gari jingine. Laki saba kwa miezi 12 ni milioni 8.4 kwa mwaka. Benki haitakubali bima ndogo kwa gari lililo dhamana yake, itataka bima kubwa. Mkikadiriwa asilimia 3.5 ya thamani, hiyo ni 840,000 kabla ya VAT. Tumefika milioni 9.24, na Fielder bado haijanunuliwa tairi wala kumwagwa oili.

Nisimwonee mumeo. Fielder ya cc 1500 inakunywa mafuta kidogo kuliko 3S ya cc 2000. Tuseme mnatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, Caldina ikienda kilomita 10 kwa lita na Fielder 15. Mtaokoa lita 400. Petroli ikiwa 3,000, ni milioni 1.2. Itoeni, kisha toeni na ile milioni 2.9 ya gereji. Bado mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni tano kila mwaka kuliko mlivyotumia katika mwaka mbaya kuliko yote wa Caldina. Mwisho wa miaka mitatu mtakuwa mmeirudishia benki milioni 25.2 kwa milioni 20 mliyochukua.

Sasa Kitonga. Nimesoma barua yako mara mbili kwa sababu ya jambo moja: rejeta ilikuwa mpya, na gari likachemsha. Maana yake fundi alibadilisha kilichovuja, hakutafuta sababu. Ukitoka joto la Ruaha Mbuyuni ukaanza kupanda mlima ule kwa gia ya chini, na watoto na mizigo ndani, mfumo mzima wa kupoza injini unapewa mtihani, na kasoro ndogo ambayo Morogoro mjini haionekani inajitokeza. Inaweza kuwa mfuniko wa rejeta uliochoka. Mfuniko ndio unaoshika presha, na presha ndiyo inayoyafanya maji yachelewe kuchemka. Inaweza kuwa feni inayochelewa kuwaka, au wota pampu iliyoliwa na kutu kwa sababu ya miaka mingi ya kujaza maji ya bomba badala ya kulanti. Na muulize fundi wako swali hili ukimtazama usoni: themostati ipo? Mafundi wengi huing'oa na kumwambia mteja gari sasa litapoa vizuri. Injini inabaki baridi asubuhi, inakula mafuta na kujichosha, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale ukisubiri mlima.

Kwenye 3S wota pampu inazungushwa na taimingi belti. Toyota imeweka kilomita 100,000 kuwa kipimo cha kubadilisha belti hiyo. Ikiwa hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini, hesabuni kwamba muda wake umekwisha. Ikikatika, valvu za 3S ya kawaida (3S-FE) hazigongani na pistoni, kwa hiyo injini hainyongwi, ila gari linazima hapohapo lilipo. Kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile, badilisheni kwa pamoja belti, tensheni yake, wota pampu, na sili za shafti zilizo nyuma ya belti. Ongezeni hosi zote za maji, mfuniko, themostati na kulanti. Spea zisiwatishe. Caldina iliacha kutengenezwa mwaka 2007, lakini 3S imefungwa pia kwenye RAV4 za kwanza, Carina na Camry, na wauza spea wa Ilala na Gerezani wanaijua. Vitakavyowasumbua ni taa, vioo na vipande vya bodi.

Lakini msinunue hata mfuniko kabla ya uchunguzi. Lipelekeni kwa fundi ambaye si wenu na hatapewa kazi ya kulitengeneza, mlipe kwa kuangalia tu. Apime kompresheni ya silinda zote nne. Kwa kuwa gari lilichemsha, aangalie gasketi ya silinda hedi: mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, maji yanayopungua bila kuvuja, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Alitembeze na kusikiliza gia boksi kama inachelewa kuingiza gia au inateleza. Kisha aliinue na kugonga chini: vizingiti vya milango, nguzo, na mahali shokapu zinaposhikia. Kutu ya mlango ni aibu tu. Kutu ya mahali panaposhika shokapu ni hatari, na hapo msitupe fedha.

Majibu ya uchunguzi huo ndiyo yataamua. Kompresheni ikiwa nzuri, gia boksi nzima na chini pamesimama, fanyeni kazi niliyoitaja, na breki, bushi na bolijointi zilizolegea, kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo andikeni kwenye daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa. Gari zee linategemewa pale mwenyewe anapojua umri wa kila kifaa kinachoweza kulisimamisha njiani. Uchunguzi ukionyesha kompresheni imekufa, au gia boksi inateleza, au chini pameoza, liuzeni kama lilivyo, mkimweleza mnunuzi ukweli, na hapo mumeo atakuwa na haki.

Kuhusu hofu yenu, hiyo siibishii kwa hesabu. Mzazi aliyekaa gizani na watoto Kitonga hawezi kutulizwa na kikokotoo. Basi tenganisheni kazi mbili. Gari la kwenda shule, dukani na sokoni Morogoro si lazima liwe ndilo la kwenda Iringa. Mpaka Caldina itengenezwe na kupelekwa safari fupi za mchana bila kupandisha joto, nendeni Iringa kwa basi. Nauli ya familia nzima mara mbili au tatu kwa mwaka haifikii rejesho la miezi miwili.

Nimalizie na Fielder, kwa sababu huenda siku moja mtainunua. Gari la 2013 nalo si jipya. Kwa kuwa limepita miaka kumi tangu litengenezwe, likiingizwa nchini linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hakikisheni milioni 24 za shemeji ni za gari lililokwisha kulipiwa kodi na kusajiliwa. Mwombeni karatasi ya mnada wa Japani, muone kilomita zake za kweli, na kama kuna herufi R, ambayo huashiria gari lililotengenezwa baada ya ajali. Ingizeni namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota muone kama lina wito wa marekebisho, maana magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 yaliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya Takata. Na mjue kwamba Fielder nyingi za umbo hilo zina gia boksi ya CVT yenye oili yake maalumu. Fundi akiijaza oili ya gia ya Caldina, anaiua.

Sasa jaribuni hili kuanzia mshahara ujao. Fungueni akaunti ya pembeni, na kila mwezi wekeni laki saba kana kwamba mmekwishakopa. Matengenezo ya Caldina yatoke humo. Mkishindwa kuweka kwa miezi minne mfululizo, mtakuwa mmejua kwamba mkopo ungewanyonga, na hamtakuwa mmepoteza kadi ya gari kwa kujua hilo. Mkiweza, baada ya miaka miwili zitakuwa zimeingia milioni 16.8. Toeni milioni 5 za matengenezo, ongezeni milioni 3 za kuuza Caldina, mtabaki na karibu milioni 15. Mkopo wenu kwa gari la bei ileile utashuka kutoka milioni 20 hadi 9 hivi.

Mumeo mpe barua hii aisome mwenyewe, usimsomee wewe. Hesabu hii ataielewa haraka kuliko mimi, kwa sababu ni ileile anayofanya dukani anapoamua kama akope kujaza rafu au auze kwanza kilichopo. Ama majirani wenye namba E, hakuna atakayewachangia laki saba mwezi wa kwanza ada za shule zitakapodaiwa.