KITABU CHA ZABURI CHA ST ALBANS: MAJINA MBELE ZA MUNGU

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kujadiliana: Zaburi 38, Zaburi 106, Mathayo 2:13-23, Luka 24:13-35.



Wengi wetu tulitoka kwetu kwa haraka. Kuna aliyebeba Biblia, kuna aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria mkononi, kuna aliyetoka mikono mitupu. Lakini hakuna aliyeweza kubeba makaburi ya wazee wake. Ndiyo maana siku ya kuwakumbuka marehemu huwa ngumu kwetu. Tunajiuliza: tutawakumbukia wapi?

Katika somo hili tutaangalia kitabu kimoja cha zamani sana cha Zaburi. Kiliandikwa kwa mkono nchini Uingereza miaka 900 hivi iliyopita, katika monasteri ya St Albans, na kinahusishwa na mwanamke aliyekimbia kwao.

1. Mwanamke aliyekimbia

Alizaliwa karibu na mwaka 1096 katika mji wa Huntingdon. Wazazi wake, Autti na Beatrix, walikuwa watu wenye mali, wakamwita Theodora. Baadaye alijulikana kwa jina la Christina wa Markyate. Akiwa bado msichana aliweka nadhiri moyoni kwamba atamtumikia Kristo bila kuolewa. Wazazi wake hawakukubali. Walimlazimisha kuposwa na kijana aitwaye Burthred, na alipokataa walimfungia, wakampiga na kumwaibisha.

Siku moja alivaa nguo za kiume, akapanda farasi, akatoroka. Alijificha kwanza kwa mtawa wa kike aitwaye Alfwen, muda wa miaka miwili. Habari za maisha yake zinasimulia kwamba huko, huku akitafutwa, alisoma Zaburi ya 38 (katika Biblia ya Kilatini ni ya 37). Ndiyo zaburi ya mtu ambaye moyo wake unapiga, nguvu zimemwisha, na ndugu na rafiki wamesimama mbali naye. Christina hakuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Kisha alihamia Markyate, kwa mtawa mzee aitwaye Roger aliyeishi peke yake. Hapo alikaa miaka minne hivi katika chumba chembamba mno, mlango umezibwa kwa gogo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulisogeza. Mchana kutwa hakutoka wala hakupaza sauti. Alivumilia baridi, joto, njaa na kiu. Inasimuliwa kwamba vyura waliingia humo, wakakaa juu ya kitabu chake cha Zaburi kilichokuwa wazi mapajani mwake. Hakukifunga.

2. Kitabu chenyewe kina nini?

Miaka ikapita, hatari ikaondoka, na Christina akawa kiongozi wa jumuiya ya wanawake watawa pale Markyate. Kitabu tunachokisoma leo kilitengenezwa katika miaka hiyo ya baadaye, kati ya 1120 na 1140 hivi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kilimfikia yeye. Kina karatasi 209 za ngozi ya mnyama, na kimepambwa kwa rangi na dhahabu.

Mwanzoni kuna kalenda ya sikukuu za mwaka mzima. Baada yake zinafuata picha 40, kila moja imejaza ukurasa wake. Zinaanza na Adamu na Hawa, na mara tunawaona wakifukuzwa bustanini. Baadaye kuna Yusufu na Mariamu wakimkimbiza Mtoto kwenda Misri, kisha watoto wa Bethlehemu wakiuawa, kisha safari ya kurudi kutoka Misri. Tuitazame hiyo ya mwisho. Wachoraji wengi huchora kukimbia, wakasahau kurudi. Huyu alichora vyote viwili.

Baada ya picha hizo kuna masimulizi ya Alexis kwa Kifaransa cha zamani. Alexis alikuwa mtoto wa tajiri aliyeacha nyumba yake akaishi kama ombaomba. Kuna pia barua ya Papa Gregory wa Kwanza, aliyeiandika karibu na mwaka 600, inayoeleza kwamba picha humfundisha asiyejua kusoma kile ambacho msomaji anakipata katika maandishi. Halafu kuna picha tatu za njia ya Emau. Ndani yake Yesu anaonekana kama msafiri, mgeni ambaye wenzake hawakumtambua hadi walipomkaribisha mezani.

Hapo ndipo zinapoanza zaburi zote 150. Kila zaburi inafunguliwa kwa herufi kubwa yenye picha ndani yake, na mara nyingi mchoraji amechukua maneno ya zaburi ile na kuyachora jinsi yalivyo. Mwishoni kuna nyimbo nyingine za Biblia, litania na sala.

Katika Zaburi ya 106 (kwa Kilatini ya 105), herufi ya kwanza imechorwa kwenye kipande kingine cha ngozi na kubandikwa juu ya ukurasa. Inamwonyesha mwanamke akimwendea Kristo, na nyuma yake wapo wamonaki anaowaombea. Wataalamu wengi wanasema huyo ni Christina. Yule aliyefichwa nyuma ya gogo sasa anawaombea wengine.

3. Majina katika kalenda

Turudi kwenye ile kalenda, maana hapo ndipo moyo wa somo letu. Kando ya siku za sikukuu yameandikwa majina ya marehemu na siku walizofariki. Tarehe 12 Septemba pameandikwa jina la Roger, yule mzee aliyemficha. Maneno yaliyopo yanamwomba yeyote atakayekuwa na kitabu hicho amkumbuke mzee huyo, hasa siku hiyo.

Lakini si Roger peke yake. Wamo pia Autti na Beatrix, baba na mama wa Christina, wale wale waliomfungia na kumpiga. Wamo na kaka zake. Aliyemsaidia na waliomtesa wamewekwa katika kalenda moja, ili waombewe kila mwaka siku yao inapofika.

Hatusemi kwamba jambo hili ni rahisi. Kuandika jina la aliyekuumiza si kusema kwamba alitenda haki. Ni kumkabidhi kwa Mungu, ambaye hukumu ni yake na rehema ni yake.

4. Kitabu nacho kilihama

Katika karne ya 16 monasteri za Uingereza zilifungwa kwa amri ya mfalme. Wamonaki Wakatoliki wa Uingereza walilazimika kuishi ugenini. Baadhi yao walipewa makao mwaka 1643 huko Lamspringe, Ujerumani, na mwaka 1657 kitabu chetu kilikuwa tayari mikononi mwao. Monasteri hiyo nayo ilifungwa mwaka 1803, na kitabu kikahamia mji wa Hildesheim, ambako kinatunzwa hadi leo. Waliokuwa wageni walikihifadhi kitabu cha mwanamke aliyejua maana ya kukimbia, na jina la Roger bado limo.

5. Tufanye nini?

Hatuna dhahabu wala ngozi. Daftari la shule linatosha. Tunapendekeza kila familia ifanye mambo matatu:

- Andikeni kalenda ya nyumba yenu: jina la kila marehemu na siku aliyofariki. Kama siku haijulikani, chagueni siku moja mtakayomkumbuka.
- Andikeni pia jina la yule aliyewaficha au kuwapa maji njiani. Na atakayejaliwa nguvu, aandike na jina la aliyemkosea.
- Kila mwezi watoto wajifunze zaburi moja kwa moyo. Wasiojua kusoma bado wachore picha ya maneno waliyoyasikia.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni zaburi ipi ilikusaidia ulipokuwa njiani?
2. Kwa nini wanafunzi wa Emau hawakumtambua Yesu mapema? Sisi tunamkaribishaje mgeni?
3. Ni jina gani ambalo ni gumu kwako kuliandika? Si lazima kulitaja mbele ya watu.

Tuombe: Ee Bwana, unayatunza majina tusiyoweza kuyaandikia makaburi. Utufundishe kukuimbia ugenini, na utupe moyo wa kuwaombea wote. Amina.