Siku Tatu Pwani ya Kusini: Ulale Diani, Msambweni au Shimoni?

Julai ikiingia Nairobi, sweta halivuliwi hadi adhuhuri, na wengi huanza kuwaza bahari. Wazungu hukimbilia Diani Desemba na Januari, kwao kukiwa na theluji na huku kukivuma kaskazi. Sisi baridi yetu hutukuta katikati ya mwaka, wakati wa kusi, na bahari ya kusi si ile iliyo kwenye picha za matangazo. Kwa hiyo kabla hujalinganisha bei za vyumba, jiulize upepo unavuma kutoka wapi na mwezi una umri gani.

Kusi huchafua bahari nje ya mwamba na kutupa mwani mwingi ufuoni. Likizo haiharibiki kwa hilo. Diani ina mwamba unaovunja mawimbi, kwa hiyo ndani yake watu huogelea hata siku za upepo. Safari ya boti kutoka Shimoni kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ni habari nyingine. Kusi ikikaza, maji huvurugika, matumbawe hayaonekani vizuri, na nahodha mwenye busara huahirisha. Anayetaka kupiga mbizi angoje kati ya Oktoba na Machi. Anayetaka kuona nyangumi wenye nundu, hao hupita Julai hadi Septemba, na itabidi avumilie kuyumbishwa.

Halafu kuna kujaa na kupwa, jambo linalowashangaza sana wageni wa bara. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Ukitoka chumbani na taulo begani saa nne hiyo, utakuta bahari imerudi hadi karibu na mwamba na kuacha mchanga, majani na vidimbwi. Hapo usinung'unike, vaa viatu utembee. Kwenye vidimbwi kuna viti vya pweza, majongoo ya bahari na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, ambavyo ndivyo sababu ya viatu. Geuka mapema maji yanapoanza kurudi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hubadilika: asubuhi ndiyo maji yamejaa, nawe utaogelea baada ya chai. Kama una watoto, panga safari iangukie siku hizo.

Sasa mahali pa kulala. Kwa mara ya kwanza, na kwa mtu asiye na gari, mimi ningesema Diani bila kusita. Ukunda ina uwanja mdogo wa ndege, benki, maduka na tuktuk za kukushusha hadi ufuoni. Barabarani, tazama juu: ngazi za kamba zimetandazwa kati ya miti ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Usiwape chakula wala mbega wala tumbili. Anayelishwa leo kesho huingia chumbani mwenyewe. Vijana wa ufuoni watakufuata na vinyago na safari za boti. Wajibu salamu, kataa kwa upole, na kama unataka safari, mkubaliane bei na muda kabla ya kupanda.

Tenga nusu siku kwa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Langoni utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kisha mwongoza wageni atakueleza masharti: usichume jani, usiokote kitu, wapendanao wasibusiane. Ukiona masharti hayo ni mzigo, baki ufuoni.

Msambweni ni kwa waliochoka na watu. Nyumba za kupangisha ni chache na zimetawanyika, disko hakuna, na bila gari utabaki ulipo. Kwa watu wawili wanaotaka kusoma na kulala ni pazuri. Kwa kundi la vijana ni adhabu. Njiani simama Gazi, ambako kina mama wa kijiji hutembeza wageni juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Kijiji hicho ni sehemu ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko.

Shimoni ina pango walimofungiwa watumwa, na ng'ambo yake kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja. Wasini ni kijiji cha Waislamu: beba leso, na vazi la kuogelea liishie botini. Lala Shimoni kama unataka kuondoka na boti alfajiri. Vinginevyo panatosha kwa matembezi ya siku moja kutoka Diani.

Kuhusu usafiri, foleni ya feri ya Likoni si lazima tena. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, gari hutoka Miritini kwenye kituo cha SGR na kutokea Kibundani, upande wa kusini, bila kugusa kisiwa cha Mombasa. Tiketi za treni hujaa mapema likizo ya shule ya Agosti.

Ukirudi na treni ya usiku, siku yako ya mwisho bado ni nzima. Kata kona Kombani, panda Kwale hadi Shimba Hills, hifadhi pekee nchini Kenya yenye palahala. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo kamilisha malipo ungali na mtandao mzuri, na ubebe sweta lile lile la Nairobi, maana kilimani asubuhi kuna ukungu.