Nguvu Zisizo na Kipimo

Vijana wetu wengi siku hizi hucheza michezo ya kompyuta, na wako wazee waihesabuo yote kuwa upuzi. Lakini haifai mtu kuhukumu jambo asilolijua. Basi leo tuutazame mchezo mmoja, uitwao Morrowind, uliotolewa Marekani mwaka 2002.

Mchezaji humwongoza mtu mmoja katika nchi ya kubuniwa. Mtu huyo huanza akiwa dhaifu, hana kitu, hata panya humsumbua. Kadiri anavyotumia upanga au uganga, ndivyo anavyozidi kuwa hodari. Nguvu zake na akili zake huandikwa kwa hesabu, na mpaka wake wa kawaida ni 100. Mwisho wa safari yuko adui mkuu, Dagoth Ur, akaaye katika mlima wa moto.

Lakini mlango mmoja uliachwa wazi. Mwenye akili nyingi hutengeneza dawa kali zaidi, na miongoni mwa dawa hizo ziko za kuongeza akili. Basi mchezaji huinywa ya kwanza, hutengeneza ya pili iliyo kali kuliko ile, huinywa nayo, na hivyo tena na tena hata hesabu hupita maelfu. Kisha hujitengenezea dawa ya nguvu, na hakuna adui awezaye kusimama mbele yake.

Je, amekosa? La. Anacheza peke yake, hakumdhulumu mtu; tena kuivumbua njia hiyo ni kazi ya akili. Lakini itazameni hasara yake. Pango lililomtisha jana, leo ni shimo tu. Silaha yake huharibika upesi kwa ukali wa pigo lake mwenyewe. Ameshinda yote, wala hana la kusimulia.

Ndani ya mchezo huo umo mfano wake. Karibu na kijiji cha Seyda Neen, mtu aitwaye Tarhiel huanguka kutoka juu akafa. Alitengeneza hati za kumrusha juu mno, nazo nguvu yake hudumu sekunde 7 tu. Alifikiri habari za kupanda, hakufikiri habari za kushuka.

Katika mchezo uliofuata, Oblivion, wa mwaka 2006, watengenezaji walijaribu njia nyingine: mchezaji akikua, maadui wengi nao hukua. Wachezaji wakanung'unika, maana hata wanyang'anyi wa njiani walionekana wamevaa deraya za thamani kuu, na kukua kukawa kama bure.

Basi twajifunza nini? Ugumu ukizidi siku zote sawasawa na nguvu, mtu hachelei kuchoka. Na ugumu ukiondolewa wote, furaha huondoka nao. Mchezaji mwenye busara hujiwekea mpaka mwenyewe: aijua njia ya mkato, lakini haipiti kila siku. Kijana akikuambia, "Sasa hakuna anishindaye, nami nimechoka na mchezo," usimcheke. Amejua jambo ambalo watu wazima wengi hawajalijua.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini mwenye nguvu zote alichoka?
2. Tarhiel alisahau nini?
3. Ni kazi gani uliyoipenda kwa sababu ilikuwa ngumu?