KOMPYUTA ISIYOONEKANA: SOMO JUU YA ELIMU NA UJIRANI



Mwaka 1991 mtaalamu wa Kimarekani, Mark Weiser, aliandika katika jarida la Scientific American ya kwamba chombo kikiisha kuzoewa kabisa, hakionekani tena. Alitoa mfano wa maandishi: twayapita njiani, twayasoma, wala hatujihisi kuwa tunasoma. Alisema kompyuta nazo zitafikia hali hiyo, zitaenea kila mahali na watu wasizitambue.

Huenda ukauliza: Je, jambo hili latuhusu sisi wa pwani? Naam, latuhusu sana. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa nchini kompyuta na televisheni. Lakini mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM, uliopitishwa chini ya bahari, ukafika Dar es Salaam.

Hebu mfikiri kijana atokaye Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, akaenda kukaa Dar es Salaam. Kadi yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Kwa simu hiyo hununua umeme wa LUKU, hulipa ada za serikali, na humpelekea mama yake fedha kijijini kwa dakika moja. Usiku husoma masomo ambayo hayapatikani katika kabati la vitabu la shule aliyosoma. Hii ni neema, wala haifai kuikanusha. Lakini mwulize jina la jirani yake wa mlango wa pili; yawezekana halijui.

Basi tutazame nyuma kidogo. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Redio ilitoa sauti tu. Kazi ilifanywa na watu waliokaa pamoja. Siku hizi kila mtu ana chombo chake na sikio lake. Maneno yamezidi, lakini kikundi kimetawanyika.

Kutokana na hayo twapata mafunzo matatu.

Kwanza, habari si elimu. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, yatuamuru tuichunguze habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mashine huweza kukuletea yale uyapendayo. Mwalimu hukuonyesha ulipokosea.

Pili, chombo kinachokuhudumia huweka pia kumbukumbu zako. Ndiyo maana Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Usitoe siri yako, wala ya jirani yako, kwa sababu tu umeulizwa.

Tatu, ujirani hauna badala. Wewe unayetafuta ukweli huenda ukasoma majibu mia kabla ya alfajiri, ukiwa peke yako chumbani. Soma, maana kutafuta elimu ni wajibu. Lakini ukiugua, ni nani atakayekuletea uji? Na siku ya msiba, jeneza halibebwi na simu. Hubebwa na mabega ya watu, na mabega hayo hupatikana kwa kujuana kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikitupe chombo, bali kifanye kama redio ya mwaka 1973: jambo jema ulilolisoma peke yako, lipeleke barazani, mkalijadili, kisha mkalitende. Elimu bila amali ni mti usio na matunda.

Maswali ya kujipima:

1. Ni jambo gani ulilosoma wiki hii, ukalichunguza kabla ya kuliamini?
2. Ulilijadili na nani, mkiwa uso kwa uso?
3. Je, walijua jina la jirani yako wa mlango wa pili? Kama hulijui, anza hapo leo.