SOMO LA KOMPYUTA: KUTENGENEZA VIUNGO KATIKA KURASA ZA HTML



Wengi wenu mnaojifunza kompyuta mmekwisha kuandika ukurasa mmoja wa HTML na kuufungua. Lakini ukurasa ulio peke yake hautofautiani sana na tangazo lililobandikwa ukutani. Kinacholeta tofauti ni kiungo, yaani maneno ambayo msomaji akiyabofya hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Wengine huita linki. Ni kitu kilekile. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Alama ya kiungo aliyoitumia ndiyo tunayoandika hadi leo:

<a href="maji.html">Ratiba ya maji</a>

Herufi a imetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Baada ya href= na ndani ya alama za kunukuu huwekwa anwani, yaani mahali msomaji atakapopelekwa. Kisha hufuata maneno anayoyaona, hapa ni "Ratiba ya maji". Mwisho ni </a> ya kufunga. Ukiisahau, maandishi yanayofuata nayo yatageuka kuwa kiungo. Angalieni vizuri: anwani na maneno ni vitu viwili mbalimbali, na kompyuta haihakikishi kama vinakubaliana. Shikeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Andikeni kwa programu nyepesi kama Notepad. Programu za kuandikia barua, kama Word, hupinda alama za kunukuu, na kiungo chenye alama zilizopinda hakifanyi kazi hata kama kwa macho kinaonekana sawa. Wakati wa kuhifadhi, andika jina lote ndani ya alama za kunukuu, "maji.html", ili Notepad isiongeze .txt mwishoni.

Sasa tuje kwenye anwani, ambako ndiko wanafunzi wengi hukwama. Kama kurasa mbili zimo katika folda moja, jina la faili latosha, kama katika mfano wa juu. Kama ukurasa umo ndani ya folda nyingine iitwayo masomo, andika masomo/hesabu.html. Kutoka huko kurudi nyuma folda moja, andika nukta mbili na mkwaju: ../mwanzo.html. Viungo vya namna hii havihitaji intaneti hata kidogo. Mwalimu anaweza kuweka kurasa hamsini za masomo katika flashi, akazifungua katika kompyuta yoyote, na viungo vyote vikafanya kazi. Lakini akiandika anwani inayoanza na C: na majina ya folda za kompyuta yake, viungo vitakufa mara flashi itakapochomekwa katika kompyuta nyingine. Tumieni pia herufi ndogo katika majina ya faili, bila kuacha nafasi. Windows haijali kama ni Maji.html au maji.html, ila kompyuta nyingi zinazohifadhi kurasa za intaneti hujali.

Ukurasa ulioko nje, katika intaneti, huandikiwa anwani kamili:

<a href="https://help.unhcr.org/">Taarifa za UNHCR kwa wakimbizi</a>

Ukiacha https:// mwanzoni, kompyuta itatafuta faili yenye jina hilo ndani ya folda yako, na haitaipata.

Katika ukurasa mrefu unaweza kumpeleka msomaji kwenye sehemu fulani. Kichwa cha sehemu ukipe jina, <h2 id="chanjo">Chanjo</h2>, kisha kiungo kiandike <a href="#chanjo">Siku za chanjo</a>.

Kuhusu maneno yanayoonekana, acheni kuandika "Bofya hapa". Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti, naye akitaka orodha ya viungo atasikia "bofya hapa, bofya hapa" bila kujua ni wapi. Na kama kiungo kinafungua video au faili kubwa, taja ukubwa wake. Bando ni pesa.

Sasa turudi kwenye lile jambo la anwani na maneno. Tazameni mfano huu:

<a href="https://unhcr.org.usajili.example/lipa">Orodha ya UNHCR ya wanaosafiri</a>

Msomaji haoni usajili wala lipa. Anaona jina la UNHCR tu. Aliyeandika hakuhitaji ufundi wowote zaidi ya huu mliojifunza leo. Kwa hiyo, kabla ya kufungua, tazama anwani yenyewe. Kwenye kompyuta weka mshale juu ya kiungo bila kubofya, nayo itajitokeza chini ya dirisha. Kwenye simu nyingi, kandamiza kiungo kwa muda bila kuachia. Soma sehemu iliyo kati ya https:// na mkwaju unaofuata, na uanzie mwisho wake, upande wa kulia. help.unhcr.org inaishia na unhcr.org, hivyo ni ya UNHCR. Ile ya mfano inaishia na usajili.example, hivyo ni ya mwingine, ingawa imeanza na unhcr.org.

Mnakumbushwa kuwa huduma za UNHCR na washirika wake, pamoja na usajili na kupelekwa nchi ya tatu, hazilipiwi. Ukurasa unaodai malipo kwa ajili hiyo msiujaze, hata jina tu. Peleka taarifa kwenye dawati la malalamiko au kwa ofisa wa ulinzi. Vijana mliofika hatua hii, wasaidieni wazee wa bloku zenu wanapoletewa ujumbe wenye viungo kwenye simu.

ZOEZI: Tengeneza folda yenye mwanzo.html, na ndani yake folda ya masomo yenye hesabu.html na afya.html. Kila ukurasa uwe na viungo vya kwenda kwenye kurasa nyingine mbili. Kisha nakili folda yote kwenye flashi, ifungue katika kompyuta ya mwenzako, na ujaribu viungo vyote sita.